Upanuzi wa Bandari na Miamba ya Matumbawe: Wajibu wa Vyama vya Ushirika

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa makatibu na wanachama wa vyama vya ushirika vya wavuvi na wakulima wa mwani, Kiuyu, Pemba)



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kwa kawaida methali hii hutajwa siku ya ukaguzi, pale kitabu cha fedha kinapofunguliwa na stakabadhi zikakosekana. Leo yafaa itajwe kwa ajili ya mali nyingine, ambayo haimo katika kitabu cha chama chochote ingawa vyama vyote vya Kiuyu vinaishi kwayo. Mali hiyo ni mwamba wa matumbawe.

Sababu ya kuizungumza sasa ni kwamba pwani yote ya Afrika Mashariki imo katika zama za kupanua bandari. Dar es Salaam ilianza mwaka 2017 kuongeza kina cha magati yake ya zamani, gati namba 1 hadi 7. Tanga imechimbwa mpaka kina cha mita 13, na meli ambazo zamani zilitia nanga mbali zikasubiri matishari, sasa zinafunga gatini. Lamu, kwa ndugu wa Kenya, gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa tarehe 20 Mei, 2021. Hapa Pemba, bandari za Mkoani na Wete, pamoja na Shumba Mjini iliyo katika Wilaya hii ya Micheweni, zimekuwa zikitajwa katika mipango ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kwa hiyo mwanachama wa Kiuyu asidhani kwamba habari ya bandari ni habari ya watu wa mbali.

Bandari si adui. Kisiwa kisicho na bandari nzuri hununua saruji kwa bei kubwa na huuza karafuu, mwani na dagaa kwa bei ndogo, kwa kuwa gharama ya kuvusha mzigo humwangukia mzalishaji. Mwanaushirika anayepinga bandari kwa neno moja tu hajafikiri. Lakini anayeikubali bila kuuliza inajengwa namna gani, tope lake litakwenda wapi, na nani atapima hasara, naye pia hajafikiri.

Mwamba ni kitu gani

Watu wengi huliona tumbawe kama jiwe, kwa sababu huchongwa likajengewa nyumba na huchomwa likawa chokaa. Kumbe jiwe hilo ni kazi ya vidudu vidogo laini vinavyoishi kwa maelfu pamoja, kila kimoja kikijijengea kikombe cha chokaa. Ndani ya miili yao huishi vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Vijimea hivyo hutengeneza chakula kwa nuru ya jua, na sehemu kubwa ya chakula hicho humlisha mwenyeji wao. Ndiyo maana matumbawe hustawi penye maji maangavu na yasiyo na kina kirefu mno.

Kukua kwake ni kwa taratibu. Tumbawe la matawi huweza kuongezeka kiasi cha sentimita 10 kwa mwaka, bali lile la mviringo, ambalo ndilo nguzo ya mwamba, huongezeka kama sentimita moja tu. Basi tumbawe la mviringo lenye kimo cha mita moja lina umri wa karibu miaka 100. Babu wa mzee wa leo alilipita juu yake akiwa katika mtumbwi, nalo likiwa dogo.

Mwamba huu hufanya kazi tatu kwa vyama vya Kiuyu. Kwanza, ni nyumba na malisho ya changu, tasi, pono, pweza na kamba. Pili, huvunja mawimbi ya bahari kuu, na kwa kuwa pwani ya mashariki ya Pemba inaelekea bahari kuu moja kwa moja, bila mwamba pasingekuwa na maji tulivu ya kusimamishia mambo na kufungia kamba za mwani. Tatu, hukinga ufuo usiliwe na bahari. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na tangu hapo kimekuwa mlango wa mapato kwa wanawake kuliko kazi nyingine yoyote ya pwani. Chama cha mwani hakivui samaki, lakini kinakaa nyuma ya ukuta uliojengwa na mwamba.

Namna bandari inavyoweza kuudhuru

Madhara ya kwanza ni ya wazi: mahali panapochimbwa au kufukiwa, mwamba uliopo hapo huondoka. Hasara hii hupimika kwa kipimo cha eneo na kwa kawaida huandikwa katika ripoti.

Madhara ya pili ndiyo yenye hila. Mtambo unapochota sakafu ya bahari, tope laini hupanda na kuchukuliwa na maji. Tope hilo huzuia nuru, na likitua hulifunika tumbawe. Tumbawe huweza kujisafisha kidogo kwa kutoa ute, lakini kujisafisha huko hulichosha. Wataalamu wamekadiria kwamba miamba isiyosumbuliwa hupokea tope lisilozidi miligramu 10 kwa kila sentimita mraba kwa siku. Likizidi sana, na likiendelea kwa wiki nyingi, tumbawe hufa kwa njaa au kwa kukosa pumzi. Majani ya bahari, ambayo ni malisho ya tasi, hupatwa vivyo hivyo. Na mwani uliofungwa kambani hushika tope, hudhoofika, ukavunika haba.

Madhara ya tatu huja baada ya ujenzi: mafuta yanayovuja, taka za meli, na haja ya kuchimba tena kila baada ya miaka kadhaa kwa sababu tope hurudi mlangoni.

Tope halikai pale lilipochimbuliwa. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini. Kusi huuongezea mbio na kaskazi huupunguza. Tena maji ya Pemba hupwa na kujaa kwa kiasi cha mita 4 wakati wa bamvua, na maji hayo hupita kwa nguvu katika milango na hori. Kwa hiyo mtaalamu aliyepima wakati wa kaskazi peke yake, au wakati wa maji mafu peke yake, amepima nusu ya jambo. Mvuvi wa Kiuyu anajua hayo bila kufundishwa. Linalotakiwa ni kwamba ujuzi wake uandikwe.

Mafunzo kutoka Miami na Lamu

Katika mji wa Miami, nchini Marekani, mlango wa bandari ulichimbwa kati ya mwaka 2013 na 2015 ili kupokea meli kubwa zaidi. Palikuwa na wapimaji na matumbawe yaliyotiwa alama. Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo maji yalipata joto na ugonjwa wa matumbawe ukazuka katika eneo hilo. Basi pakawa na mabishano: matumbawe yamekufa kwa tope, au kwa ugonjwa na joto? Utafiti uliotangazwa mwaka 2019 ulilinganisha vipimo vya karibu na mlango na vya mbali nao, ukakadiria kwamba zaidi ya matumbawe nusu milioni yalikufa ndani ya mita 500 za mlango uliochimbwa, na kwamba athari ya tope ilifika mbali kuliko ilivyotazamiwa. Lakini jibu hilo lilipatikana miaka minne baada ya kazi kwisha, na tumbawe lililokufa halifufuliwi kwa ripoti.

Funzo lake lahusu Kiuyu moja kwa moja. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto kupita kiasi; matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipauka na kufa. Joto la namna hiyo limerudi mwaka 2016 na tena mwaka 2024. Ikiwa kazi ya bandari itaangukia mwaka wa joto, kila upande utakuwa na mtu wa kumlaumu. Mkandarasi atasema ni jua. Mvuvi atasema ni tope. Atakayeshinda ni yule mwenye kumbukumbu ya kabla, na mwenye mahali pengine pa kulinganishia.

Mfano wa Lamu ni wa watu walio karibu zaidi. Mwaka 2012 wenyeji wa Lamu walifungua kesi kuhusu ujenzi wa bandari. Tarehe 30 Aprili, 2018 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hukumu kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba haki zao za mazingira safi, utamaduni na riziki zimevunjwa. Iliamuliwa kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Hukumu hiyo ni ushindi mkubwa. Lakini katibu wa chama aitazame kwa jicho la pili: tangu kesi kufunguliwa hadi hukumu ilipita miaka sita, na baada ya hukumu yakaja mazungumzo marefu juu ya namna ya kulipa na kuhakiki nani ni mvuvi wa kweli. Mtu anaweza kuvua tangu utotoni, akashindwa kuthibitisha kwamba ni mvuvi, kwa sababu tu jina lake halikuandikwa popote.

Sheria inasemaje

Zanzibar ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, namba 3 ya mwaka 2015, ambayo chini yake iliundwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, yaani ZEMA. Mradi mkubwa kama wa bandari unapaswa kufanyiwa tathmini ya athari za mazingira kabla ya kazi kuanza, na wananchi wanaohusika wasikilizwe. Ifahamike pia kwamba Eneo la Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, lililotangazwa mwaka 2005, liko upande wa magharibi wa kisiwa. Mwanachama wa mashariki asitegemee kwamba hifadhi ile itamsemea.

Mara nyingi kikao cha kusikiliza wananchi huitwa, watu hukusanyika, maneno husemwa, na karatasi ya mahudhurio hutiwa sahihi. Baada ya miezi, ripoti huandika kwamba wananchi walishirikishwa. Chama kilichokwenda na malalamiko ya mdomo huandikiwa mstari mmoja: wavuvi wana wasiwasi. Chama kilichokwenda na takwimu za miaka miwili hakiwezi kuandikiwa mstari mmoja.

Daftari la bahari

Kazi inayopendekezwa kwa kila chama si ngumu wala haihitaji fedha nyingi. Ni daftari moja, mizani moja, na sahani moja nyeupe.

Daftari liwe na safu zifuatazo: tarehe; hali ya maji, yaani bamvua au maji mafu; pepo iliyovuma; mahali palipovuliwa kwa jina lake la wenyeji; aina ya chombo na mtego, kama dema, mshipi au jarife; saa za kuvua; aina ya samaki; uzito; na bei. Kwa wakulima wa mwani: idadi ya kamba zilizofungwa, tarehe ya kufunga na ya kuvuna, kilo za mwani mkavu, na kamba zilizoharibika pamoja na sababu yake. Kwa wanawake wanaokwenda kutafuta pweza wakati wa maji kupwa: idadi ya watu, saa, na idadi ya pweza.

Umuhimu wa kuandika saa na safari, si kilo peke yake, uonekane kwa mfano huu wa kubuni. Chama kimoja katika mwezi fulani kilikwenda safari 200 na kikapata kilo 2,400 za samaki. Mwaka uliofuata, mwezi ule ule, kilikwenda safari 250 kikapata kilo 2,500. Anayetazama jumla peke yake atasema samaki wameongezeka kwa kilo 100. Lakini safari moja ya mwaka wa kwanza ilileta kilo 12, na ya mwaka wa pili ilileta kilo 10. Samaki wamepungua, kilichoongezeka ni jasho. Chama kisichoandika safari kitapeleka kikaoni ushahidi unaokidhuru chenyewe.

Ama sahani nyeupe, asili yake ni kipimo kilichojaribiwa mwaka 1865 na padri mmoja wa Italia, Angelo Secchi, aliyekuwa pia mtaalamu wa nyota. Huteremshwa majini kwa kamba mpaka isionekane tena, na kina hicho ndicho kipimo cha uangavu wa maji. Mpaka leo wataalamu wa dunia nzima wanakitumia. Chama kinaweza kutumia mfuniko wa bati wa sentimita 20 au 30, uliopakwa rangi nyeupe na kufungwa uzito chini yake, na kamba yenye fundo kila nusu mita. Kipimo kifanywe karibu na saa sita mchana, upande wa chombo wenye kivuli, mara mbili kwa mwezi, mahali pale pale. Mahali pawe pawili kwa uchache: pamoja karibu na panapotazamiwa kuchimbwa, na pengine mbali napo, ambako tope halitarajiwi kufika. Pakichafuka pote pawili, huenda ni mvua au bahari kuchafuka. Pakichafuka pa karibu peke yake, siku mtambo unapofanya kazi, daftari limeshasema.

Uandishi huu uanze kabla ya mtambo wa kwanza kufika, nao upite katika kusi moja na kaskazi moja kwa uchache. Rekodi iliyoanza baada ya maji kuchafuka ni sawa na kupima mtungi baada ya kupasuka.

Uaminifu wa daftari

Hapa pana onyo kwa makatibu. Habari ya fidia ikivuma, orodha ya wanachama huota mbawa. Watakuja jamaa walioko mjini, watakuja watu ambao hawajawahi kushika kasia, kila mmoja akitaka jina lake liingizwe kwa tarehe ya nyuma. Katibu atakayekubali hatakuwa amemsaidia jamaa yake; atakuwa amewadhulumu wavuvi wote, kwani jina moja la uongo likigunduliwa, daftari zima hutiliwa shaka. Vivyo hivyo kwa uzito: asiongeze kilo ili hasara ionekane kubwa, wala asipunguze ili kukwepa ushuru. Kurasa zipewe namba, zisinyofolewe, kosa likatwe kwa mstari mmoja na kutiwa sahihi, na kila mwisho wa mwezi Mwenyekiti na mjumbe mmoja wa kamati watie sahihi zao. Nakala iwekwe kwa Sheha au kwa Kamati ya Wavuvi ya Shehia.

Aidha, vyama vijitazame vyenyewe. Mtu hawezi kumshitaki jirani kwa kuvunja ukuta ambao yeye mwenyewe anaung'oa mawe usiku. Juya linaloburuta mwambani, sumu ya utupa, kuvunja matumbawe kwa ajili ya tanuri la chokaa, na kupindua mawe ya pweza bila kuyarudisha, yote haya hupunguza mwamba. Chama kinachovumilia hayo kitaulizwa siku ya kikao, na hakitakuwa na jibu.

Maswali ya kuulizwa

Mradi wowote wa kupanua bandari ukifika karibu, wajumbe wa chama waulize haya, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao:

1. Kipimo cha mwamba, majani ya bahari na samaki kimefanywa lini, na je, kimefanywa katika kusi na katika kaskazi?
2. Mahali pa kulinganishia ni wapi?
3. Tope litakalochimbuliwa litamwagwa wapi, kwa kina gani, na mkondo wa hapo unaelekea wapi?
4. Mapazia ya kuzuia tope yatatumika au hayatatumika, na yatafaa penye mkondo mkali?
5. Uchafu wa maji ukifikia kiasi gani kazi itasimamishwa, na nani mwenye amri ya kuisimamisha?
6. Nani anapima kila siku wakati wa kazi, na je, chama kitapewa vipimo hivyo kwa Kiswahili?
7. Njia za vyombo, madiko na mashamba ya mwani yatakayofungwa ni yapi, kwa muda gani, na fidia itakadiriwa kwa kumbukumbu zipi?

Swali la tano ndilo zito kuliko yote. Mradi unaopima lakini hauna kiwango cha kusimamisha kazi unaandika tu historia ya kifo cha mwamba. Fidia nayo ni jambo la mwisho, si la kwanza. Fedha huliwa ikaisha, na mwamba wa miaka 100 haurudi katika umri wa mtoto anayezaliwa leo Kiuyu. Lengo la daftari ni kumwezesha msimamizi kusema simama wakati bado pana cha kuokoa.

Ndugu wanachama, mashauri haya yaweza kuletwa katika mkutano mkuu wa kila chama kwa hoja tatu: kuanzisha daftari la bahari, kumchagua mwandishi wake, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, ili habari za mwani na pweza zisiachwe nje, na kuhakiki orodha ya wanachama kabla mradi wowote haujatangazwa. Ununuzi wa daftari, mizani na bati uingizwe katika makisio ya mwaka kama matumizi mengine ya chama.

Bamvua ijayo wanawake watashuka mwambani kama kawaida, na vyombo vitatoka alfajiri. Wakirudi, yafaa wamkute mtu amekaa dikoni na kalamu mkononi. Mkaguzi wa vyama hukagua kile kilichoandikwa tu, na ndivyo afanyavyo mtaalamu wa mazingira, na ndivyo afanyavyo hakimu.

Ushirika ni nguvu.